Umbali wa Chumvi

Ukimuuliza Mchora Ramani wetu kama mahali fulani ni karibu, hakujibu kabla ya kukuangalia miguu. Aliangalia viatu, akaangalia visigino, akapandisha macho hadi magotini kama mtu anayekagua punda mnadani. Kisha akatoa hukumu. "Kwako wewe si karibu," aliniambia siku ya kwanza tulipokutana, nami nilikuwa nimeuliza choo cha ofisi kiko wapi.

Ofisi yenyewe ilishughulika na maji, pale Dodoma mjini. Sitaitaja zaidi ya hapo, maana makosa mengi nitakayoyasimulia ni yangu na machache yaliyobaki yana wenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu, soksi nyeupe jozi tatu, na imani kwamba nchi ilikuwa imenisubiri. Yeye alikuwa ameketi kwenye meza ileile ya kuchorea kwa miaka mingi kiasi kwamba ubao wake ulikuwa umelika mahali anapoweka kiwiko. Alichora ramani za visima vya mkoa mzima kwa mkono, kwa wino mweusi, juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Akikosea hakufuta, alikwangua wino kwa wembe, taratibu, huku akiimba kitu puani, mpaka kosa likabaki doa la kukwaruza ambalo ungelitambua zaidi kwa kidole kuliko kwa jicho.

Kalamu zake hazikuazimwa. Mkuu wa idara aliwahi kuchukua moja ili asaini barua, akairudisha baada ya dakika mbili. Mchora Ramani aliiosha kwa sabuni mbele yake, akaikausha na leso, akasema, "Samahani mkuu, ilikuwa imezoea mkono mmoja."

Alikuwa na kipimo chake cha ujirani ambacho sikukisoma chuoni. "Jirani," alisema, "ni yule unayeweza kumwendea kuomba chumvi wakati mboga iko jikoni, ukarudi haijaungua. Akikaa mbali kuliko hapo, huyo ni mtu mnayefahamiana naye tu." Kwa kipimo hicho aliigawa dunia yote. Kisima kilikuwa ndani ya chumvi au nje ya chumvi. Shule ilikuwa chumvi moja kutoka kisimani, zahanati chumvi mbili. Madereva wa ofisi walikizoea, wakawa wanaulizana kama safari ya Mpwapwa ni chumvi ngapi, na yeye aliwajibu bila kucheka kwamba kwa gari la ofisi hilo ni mboga tatu kuungua na moja kuoza.

Hayo yote aliyaandika. Alikuwa na bati la biskuti lenye kadi, kila kisima na kadi yake, na juu ya kila kadi, kwa herufi ndogo zilizopangana kama shanga, aliorodhesha kila kilichokuwa jirani na kisima hicho: shule, zahanati, msikiti, kanisa, josho la ng'ombe. Hakuishia kwenye majina na masafa. Aliandika pia jinsi vitu hivyo vinavyohusiana. Kadi moja ninaikumbuka vizuri: "Zahanati, chumvi mbili, kusini. Mganga na mwenyekiti wa kisima hawasalimiani tangu ng'ombe waingie kwenye mtama. Wagonjwa huchota usiku."

Mtu huyohuyo, aliyeweza kukuambia ni kisima gani cha Kondoa kinanuka kutu, alipotea soko la Majengo, hapohapo mjini. Sisemi alizungukazunguka kidogo. Alipotea kabisa, siku ya Jumamosi, akitafuta duka la vifungo alilolijua tangu enzi za foleni za sukari. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mbao nne na bati moja akaamua kuwa tajiri. Mitumba ilipangwa mpaka barabarani, redio za kila aina zilipiga kelele kutoka kila kibanda, na penye uchochoro wa jana palikuwa na muuza sufuria leo. Nilimkuta amesimama katikati ya viazi na mchele, amekunja mikono, amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Mzee, shikamoo. Vipi?"

"Marahaba. Wamejenga juu ya ramani yangu," alisema. "Nitoe hapa, na ukimwambia mtu ofisini nitasema nilikuwa nakutafuta wewe."

Nilimtoa. Jumatatu asubuhi nilikuta ofisi nzima inajua kwamba mimi ndiye niliyepotea Majengo.

Hilo ndilo nililochelewa kulielewa kuhusu mzee yule. Kwenye karatasi hakuwahi kuongopa hata kwa unene wa unywele. Alikuwa tayari kurudia ramani nzima kwa sababu mto umekaa pembeni kidogo kuliko unavyokaa duniani. Lakini akinyanyuka mezani, ukweli aliuacha pale pamoja na kalamu. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Tulicheza wakati wa chakula cha mchana, kwa vizibo vya soda, na alikuwa na namna ya kukuonyesha kitu dirishani, "Hebu mwone yule mbuzi," kisha ukigeuka unakuta kizibo chako kimoja kimekwenda likizo. Ukilalamika alikuambia uhesabu upya. Mwana wa chuo kikuu, nilihesabu upya.

Kompyuta ilikuja na mradi wa wafadhili, ndani ya masanduku matatu, ikapewa chumba chenye pazia jipya kuliko nguo ya mtu yeyote ofisini. Mlangoni tulibandika tangazo: VUA VIATU. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Miaka ile kila kompyuta nchini ilikaa kama mwali, imefunikwa, haitaki vumbi, na watu waliinamisha kichwa wakiingia. Mimi ndiye niliyepelekwa Dar es Salaam wiki tatu kujifunza kuitumia, na mimi ndiye niliyekuwa na soksi nyeupe. Mchora Ramani hakuingia. Kwa karibu mwaka mzima alisimama kizingitini na viatu vyake, akazungumza nami kutoka hapo kama mtu anayemtembelea mfungwa.

"Leo imesema nini?"

"Haisemi, mzee. Inahesabu."

"Imehesabu nini?"

Kazi yangu ilikuwa kuzihamisha ramani zake kuziingiza kwenye mashine. Nilizitandaza juu ya meza ya umeme, nikafuata kila mstari kwa kifaa chenye msalaba wa kulengea, nikibonyeza nukta baada ya nukta. Mito niliiingiza, barabara niliziingiza, visima na shule niliviingiza. Lakini kulikuwa na kitu kimoja katika ramani zake kilichonichosha: kwenye milima alichora vistari vifupi vifupi, mamia kwa mamia, vimepangana kama manyoya ya shingo ya mbuzi. Kuviingiza vyote kungenichukua miezi. Niliamua kwamba ni mapambo ya mzee anayependa kalamu yake, nikaviruka.

Kwenye karatasi moja, ya vilima vilivyo mbele ya Kolo, kidole changu kilipita juu ya doa la wembe katikati ya manyoya hayo. Nikadhani alikohoa wakati anachora. Nikaliruka nalo.

Baada ya hapo nilifanya onyesho. Alikuja Mkuu wa idara, akaja Mtaalamu wa mradi, mgeni mrefu mpole aliyejifunza Kiswahili mahali wanapokifundisha polepole. Wote walivua viatu. Nikabonyeza shule moja kwenye kioo, nikaandika umbali, nikagusa kitufe, na mashine, baada ya kukoroma kidogo, ikatoa orodha: kila kilicho jirani na shule hiyo, kuanzia cha karibu kabisa hadi cha mbali, na mita zake pembeni. Mkuu alipiga makofi. Mtaalamu akasema, "Nzuri sana, nzuri sana." Kutoka kizingitini ikasikika sauti:

"Iulize nani kati ya hao ana chumvi."

Mradi ulikuwa na visima vichache vya kuchimba na shule nyingi za kuvigombea. Sharti lilikuwa rahisi: shule yenye kisima jirani isingepewa kingine. Nikaiagiza mashine itafute majirani wa shule zote za mkoa kwa mpigo mmoja. Ilikaa siku mbili na nusu ikitafuta, umeme ukikatika mara nne, na mwisho ikatoa orodha ya shule za kupewa na orodha ya shule zisizohitaji. Barua zikaandikwa. Nilijisikia kama nimenyesha mvua kwa mkono wangu.

Mwezi haukuisha akaja Mwalimu. Alikuwa mkuu wa shule moja iliyo juu ya vilima vile vya mbele ya Kolo, mwanamke wa makamo, ushungi wake umejaa vumbi la basi la Kondoa, barua yetu mkononi. Alianza kwa kuuliza kama Mchora Ramani yupo, wakasalimiana kwa Kirangi kwa muda mrefu, ndipo akaletwa kwangu. Alivua viatu bila kuambiwa.

"Ni wewe uliyeandika kwamba tuna kisima jirani?"

"Ndiyo, mwalimu. Kiko mita mia sita kutoka shuleni kwenu." Nikamwonyesha kwenye kioo: nukta mbili, zimekaribiana kama macho.

Aliziangalia kwa makini. "Na mashine hii imewahi kufika kwetu?"

"Hapana, lakini—"

"Na wewe?"

"Hapana."

"Basi mmoja wenu aje," alisema. "Watoto wangu wanakuja shuleni na maji kwenye vidumu kutoka kwao. Mwenye kidumu anasoma, asiye nacho anarudishwa kukitafuta. Nusu ya darasa la tatu iko njiani muda wote. Kama kuna kisima mita mia sita, mwanangu, njoo unionyeshe, nitakupikia."

Nilimweleza habari ya mpango kufungwa, na sharti, na sahihi ya Mkuu. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililomtoa kwenye kiti. Mchora Ramani alikuwa kizingitini, kimya, jambo ambalo lingepaswa kunitisha. Mwisho alisema, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mkuu, Mtaalamu anapenda sana kuona mashine inavyofanya kazi huko vijijini. Twende tukaipongeze."

Tulikwenda kwa Landrova ya mradi: Mkuu, Mtaalamu, Mchora Ramani na mimi. Tulilala Kondoa, tukapanda vilima alfajiri, na saa tatu asubuhi tulikuwa uwanjani pa shule. Watoto waliimba. Mchora Ramani alifungua kikapu chake mbele ya wageni, akatoa majani ya chai, sukari, vikombe sita, maandazi ya Kondoa mjini na birika. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa maji. Tuliyokuwa nayo garini, ilibainika, alikuwa amewapa kuku wa njiani.

"Si neno," alisema. "Kisima ni mita mia sita. Msomi atatuletea ndoo moja, tunywe chai ya mashine."

Mtaalamu alifurahi. Mkuu alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akakunja nne. Niliona Mchora Ramani akimnong'oneza Mwalimu jambo, na Mwalimu akamwita baba mmoja mwenye fimbo anipeleke. Nilichukua ndoo. Watoto waliziba midomo yao kwa viganja, wakacheka mabega yakitikisika. Nilidhani wanacheka viatu vyangu, na ni kweli vilikuwa vya kuchekesha: vyeusi, vya ngozi, vya kwenda benki.

Dakika tano tulikuwa ukingoni. Chini yangu, chini kabisa, kama kifungo kilichodondoka sakafuni, niliiona pampu ya kisima. Ningeweza kuipiga jiwe. Kati yangu nayo kulikuwa na ukuta wa mwamba, na nilipoutazama ukuta ule, mipasuko yake mifupi mifupi iliyoshuka sambamba, nilijua nimekwisha kuuona mahali. Yalikuwa manyoya ya mbuzi.

Yule baba alitangulia na fimbo yake. Alinizungusha. Tulifuata ukingo kwenda kaskazini mpaka mlima ulipolegea, tukateremka kwenye korongo, tukarudi kusini kwa chini, jua likipanda nasi. Nilijaza ndoo. Kurudi sikusimulii. Nilipumzika mara nyingi kuliko nilivyotembea. Maji yalinimwagikia suruali, kisha viatu, kisha hasira. Niliingia uwanjani saa saba na nusu na robo ndoo.

Hakuna aliyekuwa amekula hata andazi moja, kwa kuwa Mchora Ramani alishikilia kwamba kwa heshima ya mashine hakuna atakayekula kabla ya chai. Mkuu alikuwa amelegeza tai na ulimi wake umenata. Mtaalamu alikuwa amenyamaza kwa lugha zote mbili. Mwalimu alipokea ndoo, akachungulia ndani, akachemsha. Chai ilikuwa na mchanga. Tuliinywa wote mpaka chini.

"Mbele ya hapa hakuna kitu cha kujadili," Mtaalamu alisema, na ndiyo sentensi bora ya Kiswahili niliyowahi kumsikia akiitoa. Mkuu alisaini mabadiliko palepale juu ya boneti ya gari. Kabla mvua hazijaanza shule ilikuwa na kisima chake, na darasa la tatu likakaa chini.

Njiani kurudi nilisubiri kuchekwa. Mchora Ramani hakucheka. Tulipofika ofisini alikwenda mezani kwake, akarudi na bati la biskuti, akasimama kizingitini. Kisha, kwa mara ya kwanza, akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu ambamo kidole gumba kilitokeza chote, na hapo ndipo nilipoelewa mwaka mzima wa kusimama mlangoni.

"Andika," alisema, akaketi karibu yangu na kadi ya kwanza.

Tulichukua miezi kuziingiza. Alinisomea, niliandika. Manyoya tuliyaingiza yote, hata mashine ikawa inapumua kwa shida. Aliuliza kama ina safu ya ugomvi. Nikamwambia tunaweza kuitengeneza, ila jina la safu lisizidi herufi kumi. Alifikiri, akahesabu kwa vidole, akaniamuru niandike HAWASALIMI. Nadhani sisi ndio ofisi pekee ya maji duniani iliyoweza kubonyeza kisima na kupata orodha ya majirani wake ikiwa imepangwa kwa umbali, kwa chumvi, na kwa kununiana. Mtaalamu alitaka kuifuta safu hiyo. Akaibakiza baada ya kuona kwamba visima vyenye HAWASALIMI ndivyo vinavyoharibika mara kwa mara na kukosa mtu wa kuvitengeneza.

Baadaye ilibandikwa karatasi ya kupunguza wafanyakazi, na jina lake lilikuwemo. Ofisi yenye mashine haikuhitaji mchoraji. Siku ya mwisho aliziosha kalamu zake zote, akazifunga kwenye leso, akaniambia jambo moja tu: "Ramani zangu usizikunje. Ziviringishe." Mashine iliyomwondoa niliikalia mimi, na mshahara uliobaki niliupokea mimi. Kwa miaka kadhaa nilipomwona mjini nilikuwa na haraka ya kwenda mahali pengine.

Sasa nina kiribatumbo na miwani, na ofisi bado inanilipa, ingawa siku hizi kazi yangu kubwa ni kuweka sahihi juu ya walichokifanya wengine. Miaka michache iliyopita ililetwa mezani kwangu orodha ya pampu za kutengenezwa. Aliiandaa afisa wetu wa ramani, binti hodari anayefanya kwa dakika moja kazi iliyonichukua siku mbili na nusu. Niliipitia kwa kidole. Shule ya Mwalimu ilikuwa mwisho kabisa. Pampu yao ilikuwa imekufa, lakini safu ya majirani ilisema kuna kisima kingine, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu.

"Kwa njia gani?" niliuliza.

"Hii hapa." Akanionyesha kwenye simu yake. Manyoya yalikuwepo yote. Katikati yake, kutoka shuleni moja kwa moja hadi kisima cha chini, palikuwa na mstari mwembamba wa nukta ambao hatukuwahi kuuchora. "Kuna watu wanaongeza njia wenyewe siku hizi," alisema. "Watalii, labda. Wanaokwenda kuangalia michoro ya miambani."

Nilipanda bajaji hadi Nzuguni. Mchora Ramani alikuwa amejenga huko, nyumba ndogo yenye ua wa michongoma, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nilimkuta barazani na ubao wa drafti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Msomi, una haraka leo?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Tulicheza. Vizibo vilikuwa vilevile, nadhani. Nilimweleza habari ya orodha, pampu iliyokufa, shule iliyosukumwa mwisho, na yale yatakayotokea nikisaini: vidumu, na darasa la tatu njiani. Kisha nikamwambia juu ya mstari wa nukta. Mkono wake ulisimama juu ya ubao.

"Uko upande gani wa shule?"

"Kusini kidogo. Unashuka moja kwa moja."

"Basi wameupata," alisema.

Alinisimulia bila kuinua uso. Kuna ufa katika mwamba ule, mwembamba, mtu mzima anapita kiubavu. Aliuchora, zamani, katika ramani yake ya kwanza, kwa kuwa ulikuwepo na yeye alichora vilivyokuwepo. Mkuu wa wakati huo akaiona ramani, akaamua kwamba shule ina maji. Watoto wakawa wanateremka ufani na ndoo. Msimu wa pili msichana mmoja aliteleza akavunjika paja, na Mwalimu akambeba mgongoni kumpandisha. Akaupiga marufuku ufa ule, akapanda basi, akaja Dodoma.

"Alikaa palepale ulipokuja kuweka mashine yako," alisema. "Akaniambia, wewe ndiye uliyewateremsha. Basi nikachukua wembe."

Nikalikumbuka doa. Nilikuwa nimelipapasa kwa kidole changu mwenyewe. Nikawakumbuka watoto walioziba midomo kwa viganja, na yule baba mwenye fimbo, na mnong'ono.

"Kwa hiyo siku ile ya chai njia fupi ilikuwepo. Shule nzima ilijua."

"Shule nzima."

"Nikazungushwa mlima mzima na ndoo."

"Wewe ulitumwa maji," alisema. "Hukuuliza njia. Halafu, kwa viatu vile, ungevunjika paja."

Alicheka mpaka akakohoa, kicheko alichokuwa amekiweka akiba tangu siku ile. Nilipomaliza kukasirika nilimuuliza nifanyeje, kwa kuwa siwezi kuchukua wembe nikakwangua simu za watu.

"Njia ipo," alisema. "Waache waichore. Wewe ulitembea wapi?"

"Kuzunguka."

"Ulitoka saa ngapi, ukafika saa ngapi?"

"Saa tatu. Saa saba na nusu."

"Ndoo?"

"Robo."

"Basi unangoja nini? Hebu mwone yule mbuzi."

Niligeuka. Hakukuwa na mbuzi. Niliporudisha macho kizibo changu kimoja kilikuwa hakipo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sikuhesabu upya.

Kesho yake asubuhi niliketi na afisa wetu. Nikamwomba afungue mstari wa ile shule kwenye orodha, na kwenye safu ya muda wa kutembea aandike saa nne na nusu kwenda na kurudi, na kwenye maelezo kwamba mtoto mmoja alivunjika paja kwenye njia fupi.

"Lakini mzee, mfumo unasema dakika kumi na tano."

"Mfumo haujabeba ndoo."

"Wataniuliza chanzo cha taarifa."

"Andika jina langu. Nilitembea mwenyewe."

Aliniangalia tumbo kwa adabu, akaandika. Akaipanga orodha upya, na shule ya Mwalimu ikapanda kutoka chini mpaka ya tatu kutoka juu. Nikaweka sahihi. Nilidhani tumemaliza, lakini binti yule ni mkaidi, jambo ninalolipenda; akasema angependa kwenda kuhakiki mwenyewe, safari ya wiki ijayo inapita Kolo.

"Vizuri," nikasema. "Nitakuja nawe. Majani ya chai nitabeba mimi."

"Hicho kisima cha chini," aliuliza, "ni karibu?"

Nikamwangalia miguu.